Walioapa na Wasioulizwa

Barabara ya Waiyaki huanzia Westlands, ikapita Kangemi na Uthiru, ikafika Kinoo kabla ya kushika njia ya Gitaru na Limuru. Abiria wa matatu hulitaja jina hilo kila siku bila kumkumbuka mwenyewe. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa sehemu hizi. Oktoba 1890 alifanya mapatano ya udugu huko Dagoretti na Frederick Lugard, mtu wa kampuni ya Imperial British East Africa. Watu wa kampuni walipoanza kupora chakula na mifugo, mapatano yakavunjika, ngome ya Dagoretti ikachomwa, na ngome nyingine, Fort Smith, ikajengwa si mbali na Kinoo ya leo. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa katika ngome hiyo baada ya purukushani, akajeruhiwa kichwani, akasafirishwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi. Masimulizi ya Wakikuyu yanasema alizikwa angali hai. Yawe kweli yasiwe, yalifanya kazi kubwa: miaka 60 baadaye, vijana walioingia msituni walimhesabu kuwa shahidi wao wa kwanza.

Kila harakati ya ukombozi wa mtu mweusi, iwe Nairobi, Johannesburg au Harlem, imesimama juu ya watu wa namna hiyo, waliokubali kupoteza kila kitu kwa ajili ya wengine. Tunawaimba na kuwajengea sanamu. Lakini ukiikagua hesabu ya gharama ya uhuru wa Kenya, hasa katika wilaya ya zamani ya Kiambu ambamo Kinoo imo, unakuta kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo haikulipwa na waliojitolea. Ililipwa na watu ambao hakuna aliyewauliza: watoto, wajane, wapangaji wa mashamba, wanawake waliochimba mahandaki kwa mtutu wa bunduki. Na kwa kuwa hawakuwa mashujaa kwa maana tuliyoizoea, hawakuwekwa kwenye orodha ya wanaodai.

Kiapo na uzito wake

Kujitolea katika vita vya Mau Mau, vile vya vijana walioingia msituni, kulikuwa na umbo lake: kiapo. Kiapo cha kwanza kilikuwa cha umoja, na walikila wakulima, makarani, madereva wa teksi, wachuuzi na makahaba wa Nairobi. Kilichofuata, kile walichokiita batuni, kilikuwa cha wapiganaji. Mlaji alipita chini ya upinde wa migomba na miwa, akagusa nyama ya mbuzi, akataja mambo ambayo angeyafanya na ambayo asingeyafanya hata kwa mateso. Serikali ya kikoloni ilikieleza kiapo hicho kama ushenzi na uchawi. Kumbe kwa jamii ambayo kesi nzito zilikuwa zikiamuliwa kwa kiapo tangu enzi, ilikuwa njia yenye mantiki ya kuwafunga pamoja watu wasiofahamiana, katika jiji lililojaa wapelelezi.

Hata hivyo si kila aliyeapa alifanya hivyo kwa hiari. Wengine waliitwa usiku kwa kisingizio cha karamu, wakajikuta mbele ya upinde wa migomba na mlango umefungwa. Waliokataa walipigwa, na baadhi waliuawa. Miongoni mwao walikuwa Wakristo wa misheni za Kiskoti na wa uamsho ambao walikataa kiapo na pia wakakataa kubeba silaha upande wa serikali. Nao walikuwa na msimamo, na msimamo wao uligharimu maisha. Historia inayotaka kuwaona mashujaa wa upande mmoja tu huwasahau watu hawa upesi.

Waliojiunga na serikali pia hawakuwa namna moja. Wapo walioingia uhomugadi, yaani askari mgambo wa upande wa serikali, kwa tamaa ya ardhi na vyeo, wapo walioingia kwa sababu ndugu yao aliuawa, na wapo walioingia kwa hofu tu. Oktoba 7, 1952, Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa risasi barabarani hapa Kiambu. Siku 13 baadaye Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Usiku wa Machi 26, 1953, huko Lari, si mbali sana na Limuru, wapiganaji walichoma nyumba za machifu na mahomugadi, wakaua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Chanzo chake kilikuwa ardhi: familia zilizokuwa zimehamishwa kutoka Tigoni ili kupisha Wazungu zilipewa Lari, na wengine wakahisi wameibiwa haki yao kwa makubaliano hayo. Kulipokucha, askari na mahomugadi walilipiza kisasi na kuua wengine wengi. Watoto waliokufa usiku ule na wale waliokufa katika siku zilizofuata hawakuwa wamekula kiapo chochote.

Hesabu ya wafu

Serikali ya kikoloni ilihesabu wapiganaji 11,503 waliouawa. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua majalada ya mahakama, alipata watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikuwa mmoja wao: alikamatwa Oktoba 21, 1956 na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Raia wa Kizungu waliouawa katika vita vyote walikuwa 32. Tarakimu hizi husomwa sana kwa sababu zinawahusu zaidi watu waliokuwa na bunduki au walioshitakiwa kwa kuwa nayo.

Ipo hesabu nyingine isiyosomwa sana. Mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker alilinganisha sensa za kabla na baada ya vita, akakadiria kwamba Wakikuyu, Waembu na Wameru waliokufa kupita kiwango cha kawaida walifika karibu 50,000, na kwamba nusu yao walikuwa watoto wasiozidi miaka 10. Watoto hawa hawakuuawa vitani. Waliuawa na njaa, kuhara, homa ya matumbo na nimonia katika vijiji vya lazima.

Vijiji hivyo vilianza mwaka 1954. Aprili 24 mwaka huo, majeshi yalizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, yakapita mtaa kwa mtaa kutoka Pumwani hadi Bahati, yakawachambua watu kwa kabila na kwa kipande. Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 walipelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Wake na watoto wao walipakiwa kwenye malori na kurudishwa kwenye hifadhi za Kiambu, Fort Hall (Murang'a ya leo) na Nyeri, ambako wengi hawakuwa na shamba wala nyumba. Kisha ukaja utaratibu wa vijiji: hadi mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamelazimishwa kuhama nyumba zao zilizotawanyika vilimani na kuishi katika vijiji zaidi ya 800. Kulikuwa na uzio wa miba, handaki lenye vijiti vilivyochongwa, mnara wa mahomugadi na amri ya kutotoka nje. Nyumba za zamani zilichomwa. Wanaume walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo kazi ya kujenga vibanda, kuchimba mahandaki na kulima barabara iliwaangukia wanawake. Walilima mashamba yao kwa saa chache walizoruhusiwa, na mtoto aliyeugua aliugulia pale pale.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Kamiriithu karibu na Limuru, aliingia Shule ya Upili ya Alliance, mwendo mfupi kutoka Kinoo, mwaka 1955. Aliporudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kijiji cha lazima. Kaka yake Wallace Mwangi alikuwa msituni kwa hiari yake. Kaka yake wa kambo Gitogo alikuwa kiziwi. Askari walimwamuru asimame, hakusikia, wakampiga risasi. Familia ile moja ilikuwa na mtu aliyechagua na mtu asiyechagua. Wallace anaingia kirahisi katika simulizi la ukombozi. Gitogo haingii, ingawa gharama aliyoilipa haikupungua hata kidogo.

Daftari la ardhi

Kifo hakikuwa gharama pekee, na kwa familia nyingi za Kiambu hakikuwa ile iliyodumu. Mwaka 1954, wakati vita vimepamba moto, ofisa wa kilimo Roger Swynnerton alitoa mpango wa kugeuza kilimo cha Waafrika. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vingeunganishwa, vipimwe, viandikishwe na kutolewa hati. Mwafrika angeruhusiwa kupanda kahawa. Mpango wenyewe ulikiri wazi kwamba matokeo yatakuwa tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo, na ukaona hilo kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo.

Tatizo lilikuwa wakati. Kazi ya kuunganisha mashamba ya Kiambu ilifanywa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, wakati maelfu ya wanaume walikuwa katika kambi za Manyani, Mwea au Hola. Kamati zilizoamua mpaka upite wapi zilijaa machifu na mahomugadi. Kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika zilisimamishwa kwa sheria. Ndugu wa mtu aliyefungwa alipaswa kumtetea mbele ya watu wale wale waliomfunga. Wengine walipewa mtelemko wa mawe badala ya ardhi ya rutuba, wengine walipunjwa ekari, na wengine waliporudi hawakukuta kitu. Walioumia zaidi ni ahoi, wapangaji waliolima kwa ruhusa ya ukoo mwingine kwa vizazi. Katika desturi ya zamani walikuwa na mahali. Katika daftari hawakuwa na safu ya kuandikiwa.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilipiga muhuri: hati iliyotolewa kwa usajili wa kwanza haikuweza kufutwa hata ikithibitika ilipatikana kwa udanganyifu. Jamhuri huru ilirithi daftari hilo likiwa limefungwa. Wasio na ardhi walibaki pale walipohamishiwa, katika vijiji vya Hali ya Hatari, ambavyo vingi havikubomolewa vita vilipokwisha. Ndiyo maana ukitembea kutoka Kinoo hadi Kikuyu utaona shamba la mtu mmoja limetanda wazi, na jirani yake ploti ndogo zilizobanana hadi nyumba ya kupangisha ya ghorofa sita inamwaga kivuli kwa majirani wanne. Soko la nyumba la Nairobi limeipandisha thamani ardhi hiyo mara nyingi. Aliyekuwa na hati mwaka 1960 leo ana majengo. Asiyekuwa nayo, mjukuu wake anapanga chumba humo.

Uhuru na waliousubiri

Wapiganaji walipotoka misituni Desemba 1963 walitegemea ardhi. Walichokuta ni mpango wa ekari milioni 1, ulioanza kabla ya uhuru, ambao ulinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, na kuyauza kwa walioweza kulipa. Mfungwa aliyetoka Hola bila senti hakuweza. Tayari mwaka 1962 Jomo Kenyatta alikuwa amesema hadharani kwamba Mau Mau ulikuwa ugonjwa uliokwisha na usikumbukwe tena. Msimamo rasmi wa serikali yake ukawa kwamba wote walipigania uhuru. Kauli hiyo ililenga kuzuia kisasi, na ilifaulu. Lakini ilifuta pia madai: ikiwa wote walipigania, hakuna anayedaiwa na hakuna anayedai.

Waliokataa kauli hiyo walilipa. Jenerali Baimungi wa Mau Mau, aliyekataa kusalimisha silaha hadi ardhi itolewe, aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru mapema 1965. Februari 24 mwaka huo huo, Pio Gama Pinto, Mkenya wa asili ya Kigoa aliyewekwa kizuizini kisiwani Manda kwa kuwasaidia Mau Mau, alipigwa risasi ndani ya gari lake kwenye lango la nyumba yake Westlands. Siku tatu kabla, Malcolm X alikuwa ameuawa New York. Wawili hao walikuwa wamefahamiana: Malcolm alipita Nairobi Oktoba 1964 na akakutana pia na Oginga Odinga. Aliporudi Harlem aliwaambia watu kwamba Weusi wa Marekani nao wanahitaji Mau Mau yao. Alichokiona kwa mbali ni wapiganaji. Kile kilichokuwa kikiendelea katika ofisi za usajili wa ardhi hakikuwa na wimbo wa kuvuka bahari.

Bildad Kaggia alikuwa mmoja wa sita, Kenyatta akiwamo, walioshitakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Baada ya uhuru aliendelea kudai ardhi ya bure kwa wasio nayo, akapoteza unaibu waziri mwaka 1964. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa hadhara, Kenyatta alimwuliza mbele ya umati amejifanyia nini, akimlinganisha na wenzake wa jela waliokwisha kuwa na mashamba na biashara. Swali hilo lilibadilisha kipimo cha harakati nzima: mtu aliyetoka jela bila mali hakuwa tena mwadilifu, alikuwa mzembe. Kaggia aliishi kwa kinu cha kusaga unga hadi alipofariki mwaka 2005.

Wanawake walipimwa kwa kipimo kigumu zaidi. Wambui Otieno, mzao wa Waiyaki wa Hinga na binti wa afisa wa polisi wa kikoloni, alikula kiapo akiwa msichana na kuwa mpelelezi wa Mau Mau jijini. Katika kitabu chake cha 1998, Mau Mau's Daughter, ameandika kwamba alibakwa na afisa Mwingereza alipokuwa kizuizini Lamu. Mumewe, wakili S. M. Otieno, alipofariki Desemba 1986, mahakama zilikataa haki ya Wambui ya kumzika, zikaupa ukoo wa mumewe mwili, nao mwili ukazikwa Nyalgunga Mei 1987. Mwanamke aliyeipigania nchi hakuwa na kauli ya mwisho juu ya kaburi la mumewe.

Nani aliyefidiwa

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi Februari 18, 2007. Mwaka 2009 wazee wachache, wakiwamo Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi na Jane Muthoni Mara, walifungua kesi London kuhusu mateso ya kambini. Kesi hiyo iliilazimu Uingereza kutoa majalada iliyokuwa imeyaficha, na Juni 6, 2013 serikali yake ikaeleza masikitiko na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa watu 5,228. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa bustani ya Uhuru Septemba 2015.

Ushindi huo haufai kubezwa. Lakini angalia ulichofidia: mwili ulioteswa kizuizini, mtu akiwa hai kuusimulia. Kesi ya pili, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018, muda mrefu uliopita ukiwa sababu kubwa. Mtoto aliyekufa kwa kuhara kijijini, muhoi aliyefutwa kwenye daftari, mama aliyechimba handaki miaka miwili bila ujira, hawa hawakuingia katika hesabu kamili ya mahakama yoyote. Kwa upande wa Kenya, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, ikizungumzia dhuluma za ardhi tangu ukoloni. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Mapendekezo makubwa ya ripoti yenyewe hayajatekelezwa.

Hali hii si ya Kenya pekee. Tanzania iliwapokea wapiganaji wa Msumbiji na Afrika Kusini tangu miaka ya 1960, na wakulima wa mpakani Mtwara na Ruvuma walikula mabomu ya Wareno ambayo hawakuyaagiza. Pete O'Neal, aliyeongoza chama cha Black Panther katika jiji la Kansas City, Marekani, ameishi uhamishoni karibu na Arusha tangu miaka ya 1970. Yeye alichagua, wazazi wake aliowaacha hawakuchagua. Vita vya ukombozi hubeba watu wawili kila mara: mwenye bendera na aliyesimama karibu naye.

Haya hayafuti heshima ya walioapa. Bila wao Kenya ingengoja muda mrefu zaidi, na pengine ingepata kidogo zaidi. Lakini taifa linalohesabu mashujaa tu hulipa deni lake kwa nishani na majina ya barabara, ambavyo ni rahisi. Likihesabu hasara, litalazimika kufungua daftari la ardhi la miaka ya 1950, kusikiliza ukoo kwa ukoo nani alikuwa Manyani wakati mpaka wa shamba ulipochorwa, na kuamua fidia kwa waliopunjwa na kwa vizazi vyao. Kiambu ina hati, ramani na majalada ya kamati za kuunganisha mashamba. Wazee wanaokumbuka mipaka ya zamani wanapungua kila mwaka, na kila mwaka unaopita bila kuandika ushahidi wao unaongeza nguvu ya usajili ule wa kwanza. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyouanzisha. Kuulinda hadi leo kumekuwa uamuzi wetu wenyewe.